Satelaiti za vyuo vikuu ni kazi ya wanafunzi. Vyuo vyetu navyo vianze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu hulitaja kwa aya mbili tatu kisha yakaendelea na mengine, nalo ni kazi ya wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu katika uhandisi wa satelaiti. Nchi jirani inaporusha satelaiti, tunasoma jina la roketi, tunaona picha ya viongozi wakipiga makofi, na habari inaishia hapo. Wale walioisanifu, wakaunganisha nyaya zake, wakaitikisa kwenye mashine kuona kama kuna kitakacholegea, kisha wakakesha wakisubiri ishara yake ya kwanza, ni nadra kutajwa, ingawa wengi wao huwa ni vijana wanaosomea shahada ya uzamili. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Kigoma, na athari ya pengo hilo naiona darasani: wanafunzi wangu wanaamini kwamba satelaiti ni mambo ya mataifa makubwa yenye fedha za kumwaga. Historia haisemi hivyo.

Mwaka 1981 timu ndogo ya Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza, ikiongozwa na Martin Sweeting, ambaye wakati huo alikuwa mtafiti kijana, ilijenga satelaiti ya UoSAT-1 kwa kutumia vipuri vya elektroniki vya kawaida ambavyo mtu yeyote angeweza kuvinunua. Ilirushwa tarehe 6 Oktoba mwaka huo na ikadumu angani kwa miaka minane. Hapa barani kwetu, Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilijenga SUNSAT, satelaiti ya kilo 64 iliyorushwa tarehe 23 Februari 1999, ambayo shirika la NASA liliibeba kwa makubaliano kwamba nayo ingebeba baadhi ya vifaa vyake vya utafiti. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza ya Afrika Kusini kufika angani. Haikutoka jeshini wala wizarani, bali ilitoka katika idara ya uhandisi ya chuo kikuu, na wengi wa walioijenga walikuwa wanafunzi wa shahada za juu waliokuwa wakiandika tasnifu zao kuhusu sehemu hii au ile ya chombo hicho.

Mwaka huohuo wa 1999, Bob Twiggs wa Chuo Kikuu cha Stanford na Jordi Puig-Suari wa chuo cha California Polytechnic kilichopo San Luis Obispo walipendekeza kipimo kimoja ambacho kimebadilisha kabisa fani hii: mchemraba wenye upande wa sentimita 10 na uzito wa kilo moja na ushei. Nia yao ilikuwa ya kielimu, yaani mwanafunzi aweze kusanifu satelaiti, kuijenga na kuiendesha kabla hajahitimu, na kwa kuwa kipimo ni kimoja kwa wote, roketi yoyote yenye kasha linalofaa ingeweza kubeba mchemraba wa chuo chochote. Kundi la kwanza la michemraba hiyo lilirushwa kutoka Plesetsk, Urusi, tarehe 30 Juni 2003. Mmojawapo, XI-IV wa Chuo Kikuu cha Tokyo, uliendelea kutuma ishara kwa zaidi ya miaka 20, tena ni kazi ya mikono ya wanafunzi.

Niruhusu, Mhariri, nikae kidogo kwenye kifaa kimoja cha mchemraba wa namna hii, kwa sababu kinaonesha vizuri uhandisi wa aina hii ulivyo. Antena yake mara nyingi hutengenezwa kwa utepe wa chuma wa futi ya fundi, kwa kuwa utepe huo ukikunjwa hutaka kunyooka wenyewe. Wanafunzi huukunja kuzunguka mchemraba na kuufunga kwa mshipi wa nailoni, aina ya mshipi ambayo mvuvi yeyote wa mwalo wa Kibirizi anaifahamu. Satelaiti ikishaachiliwa angani hungoja angalau nusu saa ili iwe mbali na chombo kilichoibeba, kisha kipande kidogo cha waya hupata moto, mshipi unakatika, na antena inajinyoosha. Mshipi usipokatika, kazi ya miaka miwili inabaki bubu. Ndiyo maana wanafunzi huujaribu tena na tena ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, kwenye baridi kali na kwenye joto, maana huko juu satelaiti huizunguka dunia kwa takriban saa moja na nusu, ikitoka juani na kuingia kivulini karibu mara 16 kwa siku. Kijana aliyepitia shughuli hiyo anajua umeme, joto, metali, redio na programu za kompyuta kwa namna ambayo mtihani wa karatasi hauwezi kumpa.

Sasa tuangalie vyuo vya Afrika vilivyoingia kwenye kazi hii. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Cape Peninsula cha Afrika Kusini kilianza na ZACUBE-1, mchemraba wa kilo 1.2 uliorushwa Novemba 2013 ukiwa na kifaa cha redio cha kusaidia kurekebisha rada ya utafiti iliyopo Antaktika. Desemba 2018 kikarusha ZACUBE-2, ya takriban kilo nne, yenye uwezo wa kufuatilia meli baharini na kugundua moto wa nyika, na Januari 2022 zikafuata satelaiti tatu kwa mpigo kwa ajili ya kulinda eneo la bahari la nchi hiyo. Mfuatano huo una uzito kuliko satelaiti yoyote moja. Chuo kilianza na jambo dogo, wahadhiri hawakutawanyika, wanafunzi wa kwanza wakawafundisha waliofuata, na ndani ya miaka tisa nchi ikawa na huduma halisi inayotokana na maabara ya chuo.

Ghana iliingia angani Julai 2017 kwa satelaiti ya GhanaSat-1 ya Chuo Kikuu cha All Nations, ambacho ni chuo binafsi kilichopo Koforidua, mji wa mkoani. Satelaiti ya Nigeria iliyoachiliwa katika kundi hilohilo ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Teknolojia cha Akure, mji ambao nao si Lagos wala Abuja. Zote mbili zilijengwa na wanafunzi waliokwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, chini ya mpango wa Birds unaosimamiwa na Profesa Mengu Cho, ambapo wanafunzi wa nchi mbalimbali huketi katika maabara moja, hujenga satelaiti zinazofanana, kisha hurudi kwao na ujuzi. Uganda ilipita njia hiyohiyo: wahandisi wake watatu waliijenga PearlAfricaSat-1, iliyoachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 2 Desemba 2022 pamoja na satelaiti ya kwanza ya Zimbabwe.

Kwa Kenya ningependa wasomaji waone jinsi uhusiano wa wahadhiri unavyoweza kuzaa matunda baada ya kizazi kizima. Miaka ya 1960, Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma aliongoza ujenzi wa majukwaa ya kurushia roketi baharini karibu na Malindi, kwa kuwa eneo lililo karibu na ikweta huipa roketi msaada wa mzunguko wa dunia. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Miongo kadhaa baadaye Sapienza hiyohiyo ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa mshindi wa kwanza wa KiboCUBE, nafasi ya kuachilia mchemraba kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu inayotolewa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la anga la Japani, na tarehe 11 Mei 2018 satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, ikaachiliwa angani. Ilikuwa ni mchemraba mmoja tu.

Najua lipo pingamizi, tena la haki, kwamba nchi yenye shule zisizo na maabara haina haki ya kuchezea anga. Nafundisha katika mkoa huu na upungufu huo naujua kwa macho yangu. Ila pingamizi hilo linachukulia kwamba satelaiti ya chuo ni pambo. Michemraba ya kundi la GhanaSat-1 haikudumu angani hata miaka miwili, na nyingi za vyuo vinavyoanza zimenyamaza mapema kuliko ilivyotarajiwa, lakini hakuna chuo nilichokitaja hapa kilichotoka mikono mitupu, kwa sababu kilichobaki ni wahandisi, vifaa vya majaribio na wahadhiri waliokwishaonja kazi yenyewe. Fedha za mchemraba zinapaswa kuhesabiwa kwenye fungu la kufundishia.

Na kazi ya kufanya tunayo. Ziwa Tanganyika tunalimiliki pamoja na Burundi, Kongo na Zambia, na miaka ya karibuni maji yake yalipopanda na kuingia kwenye makazi na miundombinu ya pwani, kimo chake kiliweza kufuatiliwa kwa rada za satelaiti za mataifa mengine. Picha za misitu ya miombo ya Kigoma na Tabora zinapatikana bure kutoka satelaiti za Marekani na Ulaya, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanazitumia katika kituo chao cha kufuatilia hewa ukaa. Kama picha zipo, kwa nini tujenge chombo chetu? Kwa sababu anayejenga ndiye anayeamua kinachopimwa. Baadhi ya satelaiti za mpango wa Birds zilibeba redio inayopokea taarifa kutoka vipimo vidogo vilivyopo ardhini, kuzihifadhi, na kuziteremsha zinapopita juu ya kituo. Fikiria vipimo vya kimo na joto la maji vikiwekwa katika vijiji vya pwani kusini mwa Kigoma, kule ambako simu hutafuta mtandao hadi betri ikaisha. Hakuna kampuni ya nje itakayojisumbua na hilo. Chuo chetu kinaweza.

Hatua ya kwanza, tena ya gharama ndogo, ni kusikiliza. Pamoja na wanafunzi wangu wa kidato cha sita tuliunda antena ya fito mbili za alumini, kila moja ikiwa na urefu wa nusu mita na kidogo, tukazipanua kwa pembe ya nyuzi 120 na kuziunganisha na kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Satelaiti ya hali ya hewa ya Urusi iitwayo Meteor ilipokuja upande wa kaskazini, ishara yake ilionekana kwenye skrini ikiteleza taratibu kutoka masafa ya juu kwenda ya chini, na mada ya Doppler (jinsi masafa yanavyobadilika chanzo kikikaribia au kikienda mbali) waliyokuwa wakiikariri kwa ajili ya mtihani ikawa inatembea mbele ya macho yao. Kisha picha ikashuka mstari kwa mstari: mawingu mazito juu ya Kongo, halafu ziwa letu, jembamba na jeusi, likianzia Burundi na kupotelea kusini. Hapo ndipo waliponiuliza ni wapi hapa nchini mtu anaweza kusomea kutengeneza chombo kama hicho, na sikuwa na jibu la moja kwa moja.

Vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Dodoma, Mbeya na Arusha vinafundisha elektroniki na mawasiliano, na Serikali imeshatamka nia ya kuwa na satelaiti ya taifa. Ninaloomba ni kwamba nia hiyo ipitie vyuoni tangu mwanzo, badala ya kununua chombo kilichokamilika na kutuma vijana wetu kupiga picha nacho. Chuo kimoja kikubali kuongoza, kiombe nafasi za kimataifa kama KiboCUBE, na kifanye hivyo mapema, kwa sababu Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kinatarajiwa kustaafishwa mwishoni mwa 2030 na mlango huo utafungwa. Wakati maombi yakisubiri majibu, kijengwe kituo cha kupokea ishara chuoni na vingine vidogo mikoani, kimojawapo hapa Kigoma, vikiendeshwa na sekondari zenye tahasusi za PCM na PGM (fizikia na hisabati pamoja na kemia au jiografia) kwa usimamizi wa wahadhiri. Mamlaka ya Mawasiliano ishirikishwe mapema katika suala la masafa, maana kutafuta kibali dakika za mwisho kunaweza kuchelewesha mradi hata kama chombo kiko tayari.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo zaidi. Satelaiti nyingine ya chuo cha Afrika itakaporushwa, mwandishi wako awatafute waliofunga mshipi wa antena, aandike walisoma wapi na nani aliwafundisha. Pia avipigie simu vyuo vyetu, aviulize vimefikia wapi, na majibu yao yachapwe ukurasa wa mbele.

Mwalimu wa fizikia,
Kigoma.