Upinde bila mwenyewe hatusawazishi

Ijumaa iliyopita mteja wetu mmoja wa Malindi aliandika kwenye kundi la WhatsApp la walenga shabaha kwamba karakana yetu ya pinde ina maringo. Alikuwa amempa dereva wa matatu upinde wake atuletee Mombasa, na ndani ya begi akatia karatasi: "Fungeni vizuri, nina mashindano wiki ijayo." Tuliupokea. Ugwe, yaani kamba ya upinde, ulikuwa umechanika nyuzi mbili karibu na kifundo, pale mshale unapopachikwa, tukampigia simu, akakubali tuubadilishe. Mengine hatukuyagusa. Tukamrudishia upinde na ujumbe wa kumwomba aje mwenyewe pamoja na mishale yake. Akaona ametapeliwa: amelipia kifurushi kwenda na kurudi, amelipia ugwe, na mishale bado inakwenda kushoto.

Sikufurahi kusoma vile, kwa sababu huyu si mtu mkorofi na pesa yake ni ya jasho. Lakini lalamiko lenyewe nimelisikia mara nyingi mno. "Fundi wa simu haniambii nikae pale dukani, wewe kwa nini lazima nije?" Basi leo nalijibu kwa urefu.

Miaka yetu ya mwanzo tulikuwa tunapokea pinde za kutumwa. Shule moja ya bara ilituletea pinde nne za mazoezi. Nilizifunga kwa siku mbili, nikazijaribu mwenyewe mita 18, mishale yenye manyoya na isiyo na manyoya ikaanguka pamoja kama iliyopangwa kwa mkono. Nilijivunia kazi ile. Wiki moja baadaye mwalimu akanipigia: mishale inatawanyika, na mmoja umeng'oa kiegemeo, kile mshale unapolala, kwenye upinde. Nikapanda basi kwenda kuona. Wanafunzi walikuwa wa kidato cha kwanza na cha pili, wanavuta ugwe nyuma inchi 24, inchi 25. Mimi navuta inchi 29. Pinde zile nilikuwa nimezisawazisha kwa ajili yangu, na zilikuwa sawa kabisa mikononi mwangu. Nilimrudishia mwalimu pesa yake yote.

Angalia bawa la chini la upinde wako, yaani mkono wa chini unaopinda, upande wa ndani, utaona namba mbili, kwa mfano 68 na 30. Ya kwanza ni urefu wa upinde kwa inchi. Ya pili ni uzito wa kuvuta kwa paundi, na wengi hawajui kwamba uzito huo umepimwa upinde ukivutwa inchi 28. Kila inchi unayopungukiwa, toa kama paundi 2; kila inchi unayozidi, ongeza kama paundi 2. Kwa hiyo upinde mmoja ulioandikwa 30, mkononi mwa mtoto wa inchi 25 ni paundi 24 hivi, na mkononi mwangu ni 32. Dereva wa matatu hawezi kuniletea kipimo hicho ndani ya begi.

Babu yangu mzaa mama, kule Kitui, alikuwa akichonga pinde. Mtu akimwagiza mishale, kwanza alimwambia anyooshe mkono, akaweka ufito katikati ya kifua chake na kukata mbele ya ncha za vidole. Hakuwa na rula wala jedwali, lakini sikumwona hata siku moja akimchongea mtu ambaye hajamwona.

Mshale nao ndio penye kazi kubwa. Unapouachia, hauendi umenyooka kama fimbo. Ugwe unausukuma kwa nyuma, ncha ni nzito na haitaki kwenda, basi mwili unapinda, unauzunguka mpini wa upinde, halafu unajinyonganyonga hewani kama mkunga hadi utulie. Ukipinda kiasi kinachotakiwa, unapita bila kugusa upinde. Ukiwa mgumu kupita kiasi au laini kupita kiasi, unapiga ubavu wa mpini na kutoka upande.

Ugumu huo ndio ile namba iliyoandikwa kwenye mshale: 500, 700, 1000. Hupimwa kwa kuulaza mshale juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28 na kutundika katikati uzito wa gramu 880. Ukishuka nusu inchi, ni 500. Ukishuka inchi nzima, ni 1000. Maana yake namba kubwa ni mshale laini. Sijui nimelieleza hili mara ngapi. Mtu anaona 500 na 1000 kwenye duka la mtandaoni, anadhani 1000 ndiyo imara zaidi, au anachukua 500 kwa sababu rafiki yake anatumia hizo. Rafiki mwenyewe ana upinde wa kapi, ule wenye vigurudumu nchani, wa paundi 50!

Hilo ndilo lililompata mteja wetu wa Malindi. Mishale alipewa na jamaa wa upinde wa kapi, namba 500, na yeye upinde wake kwa mvuto wake haufiki paundi 30. Mishale migumu kama vijiti vya mwamvuli. Kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia, mshale mgumu huenda kushoto, na laini huenda kulia. Alichofanya ni kuifuata kwa kilengeo, kile kifaa cha kulengea kinachofungwa kwenye upinde, akakisogeza kushoto mpaka kikafika mwisho wa reli. Mita 18 akaona amepona. Aliporudi mita 30 mishale ikahama tena. Ningekaza na kulegeza kila skrubu ya upinde ule hadi usiku, nisingemsaidia kitu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa ndani ya podo la mishale, na podo hakulituma.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mshale laini hurekebishwa kwa kufupishwa, hilo ni kweli, na lipo kwenye video nyingi. Kijana mmoja aliona mishale yake inakwenda kulia, akachukua msumeno wa chuma wa baba yake, akakata yote sita kwa pamoja, inchi mbili na nusu. Aliponiletea ilikuwa mifupi kiasi kwamba akivuta hadi kidevuni, ncha inarudi nyuma ya kiegemeo na kuanguka juu ya mkono unaoshika upinde. Angeachia hapo, mshale ungeingia mkononi mwake. Tena msumeno ulikuwa umepasua nyuzi za kaboni kwenye ncha za mishale minne. Kaboni iliyopasuka huvunjika vipande virefu vyenye makali wakati wa kuachiwa. Nilimwomba ruhusa nikaivunja yote sita mbele yake ili isije ikatumiwa na mdogo wake. Mishale sita mipya, kila mmoja shilingi 1,200, ni 7,200. Kukata kwetu tunatoza shilingi 100 kwa mshale, kwa gurudumu la kusagia, barakoa usoni kwa sababu vumbi la kaboni halifai mapafuni, na tunakata mshale mmoja kwanza, nusu sentimita, tunapiga, tunaangalia, ndipo tunakata tena. Mwanafunzi anayeendelea kukua tunamwachia inchi mbili nzima mbele ya kiegemeo, na tukiona mishale ni laini afadhali tubadilishe ncha iwe nyepesi kuliko kukata.

Sasa mtu anauliza shilingi 3,000 za kusawazisha zinakwenda wapi. Ukifika, hatuanzi na upinde. Tunakupa upinde mwepesi wa paundi 14 na mshale mrefu wenye alama za inchi, unavuta mara kumi, kumi na tano, mpaka mwili utulie, maana mvuto wa kwanza kila mtu hujikaza mbele ya fundi. Hapo ndipo tunaandika kipimo chako. Halafu mabawa tunayaangalia kama yamekaa sawa na ugwe unapita katikati ya upinde kutoka juu hadi chini. Kimo cha ugwe, yaani kutoka shimo la mpini hadi kwenye ugwe, kwa upinde wa inchi 68 tunaanzia sentimita 21.5 na kupanda taratibu kwa kuusokota ugwe, tukisikiliza. Upinde uliokaa vizuri una sauti nzito ya chini. Ukilia kama sufuria iliyoanguka, bado. Tila, yaani tofauti ya umbali wa ugwe kutoka bawa la juu na la chini, kifundo cha noki (mkia wa mshale) milimita 8 hadi 10 juu ya mstari wa mraba, ncha ya mshale ichungulie kidogo kushoto ya ugwe ukitazama kwa nyuma: hayo ni ya dakika chache kwa aliyezoea.

Muda mrefu unaliwa na mishale vipara. Ndivyo tunavyoiita hapa mishale tuliyoitoa manyoya. Unapiga mitatu yenye manyoya na miwili kipara, mita 18, wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Manyoya huficha makosa, kipara hakifichi. Kipara kikianguka juu ya wenzake, kifundo kiko chini, tunakipandisha. Kikianguka chini, kifundo tunakishusha. Kikienda kushoto tunalegeza springi ya planja, kile kipini kinachouegemea mshale ubavuni, kikienda kulia tunaikaza, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na baada ya kila badiliko unapiga tena. Ukichoka tunasimama, unakunywa maji, kwa sababu mkono uliochoka unadanganya. Mara nyingi saa mbili zinapita, na kuna mama mmoja tulimaliza naye siku ya pili. Video ya dakika kumi haikosei kwa inachoonyesha, ila anayevuta pale ni mwingine.

Namba zote tunakuandikia kwenye kadi: kimo, tila, kifundo, mizunguko ya planja. Ugwe mpya hurefuka kidogo siku za kwanza, kwa hiyo ukishapiga mishale mia pima tena kimo na ukilinganishe na kadi. Kikiwa kimeshuka, vua ugwe, usokote mizunguko michache, rudishia.

Kuhusu kuvua na kutia ugwe, naomba sana. Kamba ya kutegea, inayoupinda upinde ili utie ugwe, tunauza shilingi 800, na bado kila wiki naona mtu anapitisha mguu ndani ya upinde, anauegemeza kwenye kifundo cha mguu na kuusukuma kwa paja. Bawa linapinda ubavuni kidogo kila siku. Mwaka jana binti mmoja, mlengaji mzuri kuliko wengi ninaowajua, alilia hapa kibandani. Bawa la juu lilikuwa limesokotwa hadi ugwe unachomoka kwenye mfereji wake. Jozi ya mabawa ilimgharimu shilingi 14,000. Nilijaribu kulinyoosha kwa siku tatu, likakataa.

Na gari. Joto la Mombasa tunalijua sote. Mabawa ni matabaka ya mbao na nyuzi za kioo yaliyogandishwa kwa gundi, na gari lililofungwa vioo juani saa sita mchana ni tanuri. Gundi ikiachia, bawa linapasuka unapovuta, karibu kabisa na uso wako. Beba upinde mgongoni hata ukienda kununua mkate. Wala usimpe mtoto avute na kuachia bila mshale ili wageni wasikie mlio, maana nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi kwenye mabawa na ugwe.

Wapo waliosema kwenye lile kundi kwamba tunalazimisha watu kuja ili tuwauzie vitu. Wanaokuja na vifaa vinavyofaa wanalipa 3,000 na kuondoka. Mzee mmoja wa Likoni alikuja akiwa na hakika kwamba anahitaji mabawa mapya ya paundi 38. Tulipompima tukakuta anashindwa kuushikilia hata ule wa 30 kwa sekunde tano, bega linapanda. Nilimwambia abaki na mabawa yake mwaka mzima. Ningeweza kumuuzia siku ile ile, pesa alikuwa nayo mfukoni.

Yule wa Malindi amekuja juzi, Jumanne. Tuliongea kwanza, nikamwomba radhi kwamba tulipompigia kuhusu ugwe tulipaswa kumweleza yote haya kabla ya kufanya kazi na kumtoza. Mvuto wake ni inchi 26 na nusu. Mishale ile 500 tumemwekea dukani tumuuzie mtu wa upinde wa kapi, tukampa sita namba 900 na kilengeo kikarudi katikati ya reli. Kipara cha mwisho kilianguka upana wa kiganja kutoka kwa wenzake, na kwa mlengaji wa mwaka wa kwanza hapo nasimama, sikazi tena.

Kuanzia mwezi huu, anayetoka nje ya Mombasa atupigie kabla, tumpangie siku tusiyo na foleni aje na kurudi kwa siku moja. Marekebisho ndani ya siku 30 hatutozi. Njoo na upinde, kiganja cha ngozi cha kukinga vidole unachotumia siku zote, na mishale yako yote, hata ile unayoshuku imepasuka.