Vyumba vya kupangisha hukwama kwenye umeme na maji taka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanaojenga vyumba vya kupangisha Mbagala, Chanika, Goba na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam. Hesabu yao wengi ni fupi mno: vyumba sita, kila kimoja 100,000 kwa mwezi, mara 12, ni 7,200,000. Ujenzi umekula milioni 60, basi miaka minane na ushei fedha imerudi.

Hairudi upesi hivyo. Chukulia vyumba viwili vikae vitupu miezi miwili miwili kwa mwaka, jambo la kawaida kabisa, 400,000 zimeondoka. Tenga 900,000 za matengenezo, na 680,000 za kodi ya pango ya asilimia 10. Zinabaki 5,220,000, na miaka minane imekuwa kumi na moja na nusu, kiwanja hakijahesabiwa. Tena wapangaji hulipa miezi sita kwa mkupuo. Mwenye nyumba akishika milioni 3.6 siku moja huzipeleka zote kwenye msingi wa nyumba nyingine, na pampu ya maji ikiungua mwezi wa tatu hana kitu. Katika fedha hizo, ya mwezi mmoja tu ndiyo imeiva; nyingine ni ya miezi ijayo.

Lakini kinachofukuza wapangaji wazuri, kwa maoni yangu, ni LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, kwa vyumba vyote. Bei nafuu ya shirika la umeme, TANESCO, ni ya mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi. Vyumba sita kwenye mita moja huvuka kiwango hicho mapema, na wote, hata mwenye taa moja na chaji ya simu, wananunua umeme kwa bei ya juu. Wakichanga sawa kwa sawa, mwenye friji na pasi anabebwa na wenzake. Ugomvi hauishi, na anayehama kwanza ni yule mtulivu anayelipa kwa wakati.

Kufunga mita ndogo ya kila chumba baadaye mara nyingi hakusaidii, kwa sababu fundi alipitisha waya kutoka chumba hadi chumba ili aokoe roli mbili tatu za waya. Mita ya chumba cha kwanza itasoma na matumizi ya chumba cha pili. Dawa yake hufanyika kabla ya plasta: kila chumba kiwe na bomba lake la kupitishia waya hadi kwenye swichi yake kuu, na nyutro yake (waya wa kurudishia umeme) isiyochangiwa na jirani, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa. Ukiona fundi anaweka 1.5 kwenye soketi, msimamishe hapo hapo. Jiko la umeme litaichemsha hadi plastiki yake iyeyuke ndani ya ukuta. Hapo ndipo unaweza kuomba LUKU tofauti, au kufunga mita ndogo zinazosema kweli.

Maji taka nayo yana hesabu yake. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukipungua sana, kinyesi hubaki njiani. Weka chemba ya ukaguzi kila kona, maana bomba lililozibwa na pampasi chini ya sakafu huishia kuvunjiwa vigae. Shimo la maji taka lililochimbwa kwenye udongo wa mfinyanzi, au mahali maji ya ardhini yako juu, halinyonyi. Masika yakianza hujaa, na gari la kunyonya litaitwa tena na tena kwa fedha ya mwenye nyumba. Kama kuna kisima, kiwe mbali na shimo hilo, si chini ya mita 30.

Dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, hilo linajulikana. Kinachosahaulika ni mkataba. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya pango la mwaka, na mkataba usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Siku ya kukabidhi chumba, andikeni pamoja usomaji wa mita za umeme na maji, idadi ya funguo, hali ya vioo, bomba na sinki, kisha wote wawili msaini. Andikeni pia kuhusu kodi ya jengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU: ni deni la mwenye nyumba, lakini mnunuzi wa umeme ndiye anayekatwa, kwa hiyo irudishwe au ipunguzwe kwenye pango.

Ombi langu kwa halmashauri: mtu anapoomba kibali cha kujenga vyumba vya kupangisha, adaiwe mchoro wa umeme wa kila chumba na wa njia ya maji taka kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam