Barua kwa Agatha: treni ya mwisho

Morogoro, 14 Oktoba 2025

Mwanangu Agatha,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako ya Jumapili niliipata, marahaba. Sisi wazima, ukiacha goti la mama yako, nalo unalijua.

Nimeona niandike kwa mkono kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikianza kusema wewe unacheka, nami nikikuona unacheka nasahau nililotaka kusema. Mdogo wako atazipiga picha kurasa hizi akutumie. Nimemkataza asisome. Atasoma.

Ni ile video yako ya huko Seoul. Shangazi yako aliniletea simu yake hapa uani, akasema, "Kaka, hebu mwone mwanao anavyofurahi," kwa ile sauti yake. Nikaona taa nyingi, vijana wanacheza barabarani, na wewe umekaa nao, mezani kuna chupa ndogo ya kijani. Taarifa ya habari ya saa mbili ndiyo kwanza imekwisha. Kesho yake nikakuuliza, ukanijibu: "Baba, nilikosa treni ya mwisho, ikabidi tusubiri ya asubuhi."

Agatha, unamwambia nani hayo? Nimekaa reli miaka 35. Watu waliokosa treni nawajua. Aliyekosa treni anakuja anahema, kiatu kimoja kimelegea, anauliza, "Imeondoka sasa hivi?" Hachezi. Hana hata hamu ya kupigwa picha.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo moja tu. Uende unakokwenda, ukae na unaokaa nao, lakini treni ya mwisho uipande.

Tena usiniambie kwamba baba hajui saa za huko. Nimenunua saa ya pili ya ukutani, mdogo wako kaipanga kwa majira ya Seoul, nimeitundika chini ya ile ya zamani. Nimegundua jambo ambalo sijui kama wewe umeliona: namba inayoonyeshwa na saa ya kwenu ndiyo ile ile tunayoitamka sisi hapa. Mmetutangulia saa sita kamili, na Kiswahili chetu nacho kinahesabu kwa kuruka saa sita. Jua linapozama hapa tunasema saa kumi na mbili, nikitazama saa yako mishale yote miwili imesimama kwenye 12. Hapo ni katikati ya usiku kwenu na treni zinakaribia kwisha. Mama yako akiwasha jiko la chakula cha jioni, mimi naangalia ukutani. Redio ikisema saa mbili usiku, saa yako nayo inasema mbili, na hiyo ni mbili ya alfajiri. Unaona basi? Tangu ile video, taarifa ya habari siisikii tena.

Nimesoma pia kuhusu reli yenu ya chini ya ardhi. Ule mstari wa 2, wa rangi ya kijani, unaopita Hongdae, mtaa wa starehe za vijana, unazunguka jiji kama pete. Mtu anaweza kudhani akiingia tu atafika. Lakini usiku treni za mwisho haziendi mzunguko mzima, nyingine zinaishia njiani na kwenda kulala. Kwa hiyo "treni ya mwisho" si ile ya mwisho kupita. Ni ile ya mwisho inayofika kituo chako. Hilo ni kosa ambalo hata abiria wa kwetu walikuwa wanalifanya, nikawaeleza hadi koo likakauka. Tazama kibao cha mbele kimeandikwa nini. Kusoma unajua, ulimaliza mwaka wa lugha kwa kiwango cha tano. Siku ile nilikuuliza kwa nini si cha sita. Wastaafu wenzangu niliwaambia ni cha tano kati ya sita, na kwamba hata Wakorea wenyewe wanashangaa. Hilo la Wakorea niliongeza mimi.

Mdogo wako anasema kuna mabasi ya usiku yenye herufi N, yameanza 2013, wanayaita mabasi ya bundi. Bundi! Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali, nyie mnampanda. Lakini siku ukikwama kweli, afadhali bundi kuliko kukaa kwenye viti vya plastiki nje ya duka mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Sasa nisikilize. Tarehe 29 mwezi huu inatimia miaka mitatu tangu maafa ya Itaewon, pale Seoul, watu walipokandamizana kwenye umati wa Halloween. Wewe ulikuwa hapa nyumbani, tuliona pamoja, sirudii. Ila baadaye niliendelea kufuatilia peke yangu. Kile kichochoro, mahali pake pembamba, kina mita 3.2, zaidi kidogo ya upana wa behewa. Wamekufa watu 159, na 26 kati yao walikuwa wageni kama wewe. Kinachoniuma ni simu. Mtu wa kwanza aliwapigia polisi saa kumi na mbili na dakika 34 jioni kusema kwamba hapa watu watakandamizwa wafe. Maafa yenyewe yalikuja baada ya saa nne na robo usiku. Muda wa karibu saa nne ulipita, Agatha! Sisi kituo jirani kikipiga simu kwamba kuna ng'ombe kwenye njia, treni haitoki, hata kama waziri yumo ndani. Sasa hiyo Halloween, sherehe yao ya kuvaa vinyago, mwaka huu inaangukia Ijumaa, tarehe 31. Sisemi usitoke. Nasema ukiona umati umebana kiasi kwamba huwezi kuinua mkono kujikuna pua, umeshachelewa. Ondoka kabla ya hapo. Na saa hizo treni bado zipo.

Usinione baba wa zamani. Hata hao Wakorea walikuwa na amri ya kutotembea kuanzia saa sita usiku, tangu 1945 hadi Januari 1982. Nilipoanza kazi reli mwaka 1981, kijana wa Seoul wa umri wangu alikuwa anakimbilia kwao kabla ya king'ora. Wazazi wa hao rafiki zako wanakumbuka. Sisemi irudishwe.

Mengine uliyonisimulia kuhusu watu wa huko nimeyapenda. Kwamba mtu akikutana nawe anakuuliza kwanza umri, ili ajue atakuitaje. Rafiki zako waliona ajabu, mimi nikaona kumbe na wao wana shikamoo yao. Kwamba mkubwa akikumiminia unapokea kwa mikono miwili, na ukinywa unageuza uso pembeni. Hapo wamenifurahisha. Ila kuna jambo hukuliona: ulisema mtu hajimiminii mwenyewe, na glasi ya mwenzako haiachwi tupu. Mwanangu, huo ni mtego wenye adabu. Ukimaliza unajaziwa. Basi usimalize. Glasi ikae imejaa mbele yako, hakuna atakayekuvunjia heshima. Na hiyo soju, pombe yao kali, msiichukulie kama bia kwa sababu chupa ni ndogo. Kuna watu hapa niliwaona wakidanganywa na chupa ndogo.

Mnavyokwenda raundi, ya kwanza nyama, ya pili bia, ya tatu kuimba kwenye vile vyumba vya kukodi, nimeelewa. Profesa akialika raundi ya kwanza nenda, kaa mpaka mwisho, ni heshima. Ya pili uwe na jicho kwenye saa. Ya tatu waimbie siku nyingine. Sauti unayo, ila kwaya uliiacha na hukuaga, mwalimu wa kwaya bado ananiuliza.

Yule mlinzi wa mlangoni aliyewaambia wageni hawaingii, umenisimulia mara mbili, ndiyo nikajua imekuuma. Sina la kukuambia. Usibishane mlangoni usiku, basi. Na yule kijana anayetaka umfundishe Kiingereza saa tano usiku, mwambie Kiingereza kipo hata mchana. Kuhusu zile kamera za siri za vyooni, shangazi yako atakuandikia, mimi siwezi. Polisi ni 112, gari la wagonjwa 119. Uandike kwenye karatasi, simu huzima.

Lakini mama yake rafiki yako Minji! Kukualika Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, nyumbani kwao, ukakaa na bibi yao mkifinyanga zile keki za mchele za kupika juu ya majani ya msonobari, na bibi akakulazimisha ubebe nyingine. Picha hiyo niliipeleka kijiweni. Ile nyingine pia niliionyesha, maana walitaka kuona mji. Ile chupa niliiziba kwa dole gumba.

Mwezi uliopita nilipanda mchongoko, ile treni ya umeme, kwenda Dar kufuatilia pensheni. Safari haikuchukua hata saa mbili, tumeshafika. Jirani yangu kwenye kiti akawa anausifu, nikamwambia treni hii imetengenezwa Korea, Hyundai Rotem, na mwanangu yuko huko anasomea uhandisi. Akaniuliza kama wewe ndiye uliyeitengeneza. Nilichelewa kidogo kumjibu.

Mama yako amesoma kurasa za mwanzo akiwa amesimama nyuma yangu. Alipofika pale niliposema aliyekosa treni anakuja anahema, ameondoka kwenda jikoni na nimemsikia akicheka peke yake, muda mrefu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Andika tu, stesheni masta."

Haya. Mafuriko ya Kilosa yalikuwa kweli. Reli ilikatika, 2010 nilikuwa nalala kituoni, hilo hakuna wa kunipinga. Lakini si mara zote nilizosema treni imechelewa ilikuwa imechelewa. Usiku wa ile homa yako treni ilifika kwa saa yake. Abiria walishuka, nikafunga ofisi mapema. Mama yako alijua tangu asubuhi yake, hakusema kitu, akakaa nalo miaka yote hii. Ndiyo maana nimenunua saa. Tuyaache hayo.

Zile fedha za bati zilifika. Tulinunua bati 22 badala ya 30, upande wa jikoni bado. Hizo nane nitakueleza ukipiga, usimuulize mama yako. Fundi anasema mbao za zamani zinafaa, mimi naona zimeliwa na mchwa, anasema hapana, nikachomeka kisu kikaingia mpaka kwenye mpini. Kuku wamebaki sita. Mparachichi umezaa upande wa jirani tu, na jirani anaokota bila hata kusalimia. Mdogo wako anataka kuacha chuo aende bodaboda, nimemwambia aongee na wewe, wewe anakusikia. Usimpigie usiku wa huko. Mpigie jioni yako, huku inakuwa mchana.

Mama yako anauliza kama lile koti zito alilokununulia soko la Karume linatosha, au lilikuwa la mtu mfupi. Mjibu yeye mwenyewe. Na Ijumaa ya tarehe 31 nitakuwa macho. Ukishaingia ndani ya behewa nitumie neno moja tu, "nimepanda," hata kama ni mapema. Huku itakuwa bado ni jioni, hutaniamsha.

Baba yako