Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ngozi ya Discovery

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliposimama mbele yenu niliahidi kwamba leo modeli yetu ya Discovery, kile chombo cha angani cha Marekani, ingekuwa imekamilika. Haijakamilika. Tumbo limekwisha, ubavu wa kushoto umekwisha, wa kulia bado ni plastiki tupu. Nitaeleza miezi ilikopotelea, maana sehemu kubwa ya kosa ni yangu.

Modeli ni ya kipimo cha 1:24. Chombo halisi kina urefu wa mita 37 na ushei, chetu kina mita 1.55 hivi. Kitu kikubwa namna hiyo mtazamaji hukiinamia na kukikagua kama mnunuzi wa ng'ombe. Tumbo la Discovery limefunikwa vigae vyeusi vya silika vya kukinga joto, vingi vya mraba wa sentimita 15. Ukijumlisha na vya sehemu nyingine, chombo kizima kilibeba takriban vigae 24,000. Kwetu kigae kimoja ni milimita 6 na kidogo. Mwanya kati ya vigae, ambao kwenye chombo chenyewe ni milimita moja au zaidi kidogo, kwetu unakuwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Hakuna sindano ya kuuchonga huo.

Sisi tuliuchonga. Niliamua tugawane tumbo watu wanne, kila mtu na rula yake. Tulipopulizia rangi ya msingi na kuwasha taa ya pembeni, tumbo lilionekana kama sakafu ya bafu, na mtu aliweza kuonyesha kwa kidole mkono wa nani umeishia wapi. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zaidi ya hayo, kipande kimoja kilikuwa na mistari iliyonyooka kufuata urefu wa chombo, ilhali vigae vya tumboni vimepangwa kwa mshazari ili hewa ya moto isipate mfereji wa kupita moja kwa moja. Tulijaza pati, tukapiga msasa, tukaanza upya. Hapo ilikwenda miezi mitatu.

Safari ya pili hatukuchonga kitu. Tulipaka tumbo kijivu kilichoiva, si nyeusi. Nyeusi tupu juu ya modeli hufuta umbo lote na kuifanya ionekane ndogo. Mistari ikachorwa kwa penseli ngumu iliyonolewa kila baada ya mistari michache, na mtu mmoja tu, aliyejitolea jioni zake (anajijua, na miwani yake mipya anaijua pia). Ukisimama hatua mbili mistari inapotea, ukisogea inarudi, kama ilivyo katika picha za chombo chenyewe.

Kazi tamu ilikuwa kuvitofautisha vigae. Kigae kilichobadilishwa karibuni huwa cheusi kuliko jirani zake waliokwisha kurudi kutoka angani mara nyingi, kwa hiyo tumbo la kweli lina viraka. Tulijaribu kuviweka viraka hivyo kwa kubahatisha, na kila tulipobahatisha tukapata ubao wa drafti. Mkono wa binadamu hauwezi kutawanya vitu ovyo, unapenda kupanga. Mwishowe tulitumia dadu: moja hadi nne kigae kibaki kilivyo, tano kipauke kidogo, sita kikolee. Vigae vipya tuliviongeza baadaye, vichache, tukifuata picha. Nakiri nilicheka wazo la dadu lilipoletwa kikaoni. Sasa ndilo ninaloonyesha wageni kwanza.

Ubavuni kulikuwa na tabu nyingine. Sehemu kubwa ya weupe wa Discovery si vigae bali blanketi za kukinga joto zilizoshonwa, na mishono yake inaunda miraba ya sentimita 2.5 hivi, kwetu ni milimita moja. Karatasi ya alumini ya jikoni iliyosuguliwa taratibu juu ya wavu wa matundu madogo ilitoa mfinyo huo vizuri kuliko pati yoyote. Ilibandikwa vipande vipande, kisha ikapakwa nyeupe isiyong'aa. Tumboni, kinyume chake, tuliacha mng'ao kidogo, kwa sababu vigae vina ganda la kioo. Paneli za kaboni kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, 22 kila upande, zimebaki kijivu na zinasubiri vanishi.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu zake baada yangu. Barakoa za vumbi zimenunuliwa. Anayepiga msasa bila kuvaa atatolewa nje ya karakana, hata akiwa mwenyekiti.

Jambo la kupigia kura leo ni moja. Discovery iliruka mara 39, kuanzia 1984 hadi 2011. Je, ubavu wa kulia tuupake ukiwa safi kama siku ya kwanza, au uchafuke kama ulivyorudi safari ya mwisho? Kamati imegawanyika katikati. Mimi nasimama na uchafu, lakini wa kushoto tumeshaupaka msafi, na atakayesema uchafu ajue kwamba ameomba kazi mara mbili.

Mwenyekiti