Salamu za Krismasi kwa Watu wa Rybinsk

Ndugu na marafiki wapendwa,

Leo, tarehe 7 Januari, Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, linalofuata kalenda ya zamani iliyo nyuma kwa siku 13, linaadhimisha Krismasi. Nawatakieni nyote heri na amani, na kwa namna ya pekee nawakumbuka wenyeji wa Rybinsk, mji wa bandari na viwanda, ambako msimu huu mto Volga umefunikwa na barafu na meli za mizigo zimetia nanga mpaka barafu itakapoyeyuka.

Rybinsk ilipewa hadhi ya mji na Malkia Catherine wa Pili mwaka 1777. Neema yake ilitokana na upungufu wa mto wenyewe: kuanzia hapo kwenda juu Volga ilikuwa na kina kifupi, kwa hiyo nafaka iliyotoka kusini katika vyombo vikubwa ilihamishiwa kwenye vyombo vidogo ili ifike Saint Petersburg. Vyombo hivyo vilivutwa kwa kamba na watu walioitwa burlaki, waliotembea ukingoni kuukabili mkondo, mikanda ikiwa imewakaza vifuani. Mto ulipoganda, uvutaji ulisimama, na ujira wake pia. Krismasi iliwakuta katika miezi hiyo.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni mwaka 1941. Mwezi Aprili maji yalianza kujazwa nyuma ya bwawa la Rybinsk, lililojengwa na wafungwa wa Volgolag, kambi ya kazi za kulazimishwa. Mji jirani wa Mologa ulizama pamoja na mamia ya vijiji, na watu wapatao 130,000 walihamishwa, baadhi yao wakizibomoa nyumba zao za magogo, wakayafunga magogo hayo kuwa chelezo na kuyaelekeza mtoni hadi makazi mapya. Novemba mwaka huohuo, majeshi ya Ujerumani yakiwa karibu na Moscow, mtambo wa kwanza wa bwawa hilo ulianza kuupelekea mji mkuu umeme, ilhali jengo lake halijakamilika. Nashukuru kwa umeme ule, wala siwezi kuutaja bila kuwataja waliopoteza makaburi ya wazee wao kwa ajili yake.

Maji yanapopungua sana, misingi ya Mologa huonekana tena, na wazao wa waliohamishwa huenda kuitazama. Kwao, na kwa wote wanaosubiri mto ufunguke: Kristo amezaliwa! Mtukuzeni!