Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mwaka jana, hapa hapa Chake Chake, tulikubaliana kununua spika ndogo nne ili watoto njiti wapigiwe muziki wodini. Pendekezo lilikuwa langu na nililipigania. Naanza nalo kwa sababu limekula michango yenu mingi, na spika hazikumaliza hata wiki.

Aliyetuzindua ni muuguzi. Tulikuwa tumewasha taarabu, kwa sauti tuliyoiona ya chini kabisa. Akaniita kando ya kitanda cha joto: "Hebu tazama vidole, Mwenyekiti." Mtoto alikuwa amevitanua vyote vitano, kama anayezuia kitu kisimfikie, na kipaji kimekunjana. Mimi nilidhani anafurahia. Kumbe ndivyo njiti anavyosema "basi, yatosha."

Kusoma nikasoma baadaye, jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri sauti katika wodi hizi isipite desibeli 45, na mazungumzo yetu ya kawaida tu hufika 60. Wodini tayari mna ving'ora vya mashine, milango, na sisi na salamu zetu zisizokwisha. Tukaongeza na spika.

Muziki wenyewe si uzushi. Utafiti uliotoka mwaka 2013, ulioongozwa na Joanne Loewy wa New York, ulihusisha njiti 272 katika hospitali 11. Hawakuweka kanda. Walipiga ala laini hapo hapo, wakifuata pumzi ya mtoto, na mzazi akaimba wimbo aliouchagua mwenyewe. Mapigo ya moyo yalitulia, na wimbo wa mzazi ukasaidia katika kunyonya. Geneva nako walitumia muziki uliotungwa maalumu kwa njiti, na katika ala zote watoto waliitikia zaidi zumari la wachezesha nyoka wa India. (Wazee wetu wa taarabu, wapigao udi na kanuni, wasinikasirikie.) Lakini tusitie chumvi: mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za tiba, hayakuona kwamba muziki unaongeza oksijeni katika damu ya mtoto. Nafuu ilionekana zaidi kwenye mapigo ya moyo. Kwa hiyo asiambiwe mzazi yeyote, kwa jina la chama hiki, kwamba nyimbo zinatibu.

Baada ya spika kurudi, tulikaa na familia tu. Nitawasimulia moja. Bibi wa Wete alikuwa amembeba mjukuu kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga imefungwa juu, kwa kuwa mama mtu alikuwa bado hajainuka baada ya upasuaji. Tukamwomba aimbe. Akaona haya, akasema hospitali si pahala pa nyimbo. Mwishowe akavumisha tu, mdomo umefumbwa, mstari mmoja ule ule, kila akirudia anauvuta zaidi. Namba ya moyo kwenye mashine, iliyokuwa ikicheza kwenye 170, ikateremka taratibu hadi 150 na kitu. Bibi hakuitazama hata mara moja. Aliuliza tu, "Kalala?"

Sisi ni watu ambao mtoto akizaliwa husomewa adhana sikioni, kwa sauti ya upole, na mtu wake. Sijui nini kilinituma kufikiri kwamba njiti anahitaji mashine.

Basi tatizo ni kufika. Mama akisharuhusiwa, mtoto hubaki wodini wiki kadhaa, na kutoka Konde au Makangale kwenda na kurudi kila siku ni nauli ambayo wengi hawana. Kamati inaomba fungu lililokuwa la vifaa liwe la nauli za mama, na za baba pia, maana wanaume mmekuwa mkisimama nje ya dirisha kama wageni.

Mahudhurio yalishuka msimu wa karafuu, kama kawaida. Ada wamelipa zaidi ya nusu, na mhazini atasoma majina ya waliobaki, nami nimo.

Spika nne zimo kabatini kwa mhazini. Mwenye harusi karibuni aseme bei.