Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Tuanze na mambo ya kawaida tuyamalize. Hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma mwenyewe baada yangu, kwa hiyo sitamtangulia. Ada haijapanda, na wanaodaiwa wanajijua. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi na itapigiwa kura leo hii. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo lililotuchukulia nguvu nyingi kuliko yote mwaka huu, yaani vikao vya masomo.

Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu uliopita ulikubali tuache kurukaruka kutoka mada hadi mada, badala yake tuchukue kazi ya mtafiti mmoja na kuifuata tangu ilipoanza. Wapo walioguna, na nawaelewa. Kamati ilimchagua Hans Clevers wa Uholanzi, ambaye jina lake halitengani na utafiti wa utumbo na jinsi unavyojijenga upya. Kilichotuvutia zaidi ni kwamba utumbo haukuwa shabaha yake hata kidogo alipoanza.

Clevers alizaliwa Eindhoven mwaka 1957, akasomea biolojia na udaktari Utrecht, kisha akaenda Boston kufanya utafiti wa seli T, askari wa kinga ya mwili. Aliporudi Utrecht, mwaka 1991 kundi lake lilitenga jeni ya protini waliyoiita TCF1, inayojishikiza kwenye DNA ndani ya seli hizo. Tatizo ni kwamba protini hiyo ikiwa peke yake haiwashi jeni yoyote. Mwenzake alijulikana mwaka 1996: ni beta-katenini, mjumbe wa mwisho katika njia ya Wnt, inayopeleka maagizo kutoka nje ya seli hadi kwenye kiini. Mwaka uliofuata, wakishirikiana na maabara ya Bert Vogelstein ya Baltimore, walionyesha kwamba katika saratani ya utumbo mpana jeni ya APC inapoharibika, beta-katenini haiondolewi tena. Inarundikana, na TCF4, ndugu yake TCF1, inabaki imewashwa usiku na mchana. Hivyo ndivyo mtaalamu wa kinga alivyojikuta ameingia utumboni.

Hapo ndipo vikao vilipochangamka, na hapo ndipo mimi na baadhi yenu tulipotofautiana. Wengi mlitaka tukimbilie oganoidi, yaani vijiutumbo vidogo vinavyokuzwa maabara kutoka kwenye seli. Mimi nilishikilia, na bado nashikilia, kwamba jiwe la msingi la kazi hii yote ni panya wa mwaka 1998.

Panya hao walitengenezwa bila TCF4. Walizaliwa, na muda mfupi baadaye wakafa. Walipopasuliwa, kasoro ilionekana kwenye utumbo mwembamba. Vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula vilikuwepo, vimefunikwa seli zilizokomaa vizuri. Lakini katikati yake, mahali ambapo vishimo vya utando vingechimbika baadaye, hapakuwa na seli hata moja inayogawanyika. Ghala la seli shina, yaani seli zinazozaa nyingine zote za utando, lilikuwa tupu. Liwekeni jambo hilo kando ya lile la 1997 na mtaona kwa nini sikutaka tulipite haraka: agizo ambalo likizidi huleta saratani ndilo hilo hilo ambalo likikosekana utumbo hauwezi kuendelea kuishi. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli huzaliwa chini kwenye kishimo, hupanda ukuta zikikomaa, hufika kwenye ncha ya kijidole na kung'oka. Bila wazaaji huko chini, shughuli yote inakoma ndani ya wiki moja.

Lakini wazaaji hao ni akina nani? Charles Leblond na Hazel Cheng wa Montreal walishazinyooshea kidole mwaka 1974 zile seli nyembamba zilizobanwa katikati ya seli za Paneth (seli zinazotoa kemikali za kuua bakteria), sakafuni kabisa mwa kishimo. Christopher Potten wa Manchester alishikilia kwamba seli shina ziko juu kidogo, kwenye safu ya nne hivi kutoka chini. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka 30, kwa sababu hakuna aliyekuwa na alama ya kumtambua mhusika. Ilipatikana katika Taasisi ya Hubrecht, ambayo Clevers alianza kuiongoza mwaka 2002. Katika orodha ya jeni zinazowashwa na Wnt, kundi lake lilikuta moja, Lgr5, inayofanya kazi sakafuni mwa vishimo tu. Nick Barker akatengeneza panya ambao seli yenye Lgr5 inaweza kutiwa alama ya kudumu, ambayo vizazi vyake vyote hurithi. Picha zake tulizitazama kwa muda mrefu katika kikao cha tatu. Mwanzoni ni doa moja la buluu chini kabisa. Baada ya siku chache ni utepe unaopanda ukutani. Siku 60 baadaye utepe bado upo, bila kukatika, kutoka sakafu ya kishimo hadi ncha ya kijidole. Leblond alikuwa sahihi. Cha ajabu zaidi, seli hizo hugawanyika karibu kila siku, ilhali vitabu vilitufundisha kwamba seli shina ni vivu na hulala muda mwingi.

Nakubali kwamba yaliyotokea mwaka 2009 yalistahili kikao kizima. Toshiro Sato, daktari wa tumbo kutoka Japani, aliiweka seli moja ya Lgr5 kwenye tone la jeli, akaongeza protini tatu za kuikuza: EGF, Noggin na R-spondin. Seli ikawa kifuko, kifuko kikachipua vishimo, kila kishimo kikawa na seli zake za Paneth chini, na seli zilizokufa zikawa zinamwagwa kwenye uwazi wa katikati, kama mwilini. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba seli za Paneth ndizo zinazowalea majirani zao kwa kuwapa Wnt. Naomba tusisahau majina ya Barker na Sato. Tuzo zilimwendea mkuu wa maabara, ikiwemo Breakthrough Prize ya 2013, lakini mikono iliyoshika bomba ilikuwa ya vijana hao.

Kikao kilichozua maswali mengi kilihusu utumbo unavyopona. Mwaka 2011 watafiti wa kampuni ya Genentech waliua seli za Lgr5 za panya kwa makusudi, na utumbo ukaendelea na kazi yake. Je, Barker alikosea? Hapana. Mwaka 2012 maabara ya Clevers ilionyesha kwamba baada ya mionzi, seli zilizokwisha kuondoka kwenye ushina na kushika njia ya ukomavu zinaweza kurudi nyuma na kuwa seli shina tena. Kwa hiyo ushina si tabaka ambalo seli huzaliwa nalo. Ni kazi, na yeyote aliye karibu akifika mahali panapofaa anaweza kuishika. Kwangu hili ndilo somo kuu la mwaka, na ndilo linaloeleza kwa nini mgonjwa aliyechomwa mionzi tumboni anaweza kupona utumbo.

Kuhusu matumizi, nitasema kwa kifupi kwa sababu matarajio yetu yanapanda upesi. Tangu mwaka 2013 oganoidi za wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu na utumbo, zimetumika kupima kama dawa itamfaa mgonjwa fulani, kwa kuangalia tu kama zinavimba, maana zikivimba dawa inafanya kazi. Mwaka 2020 zilisaidia kuonyesha kwamba virusi vya korona huambukiza seli za utumbo. Mwaka 2022 chuo kimoja cha Tokyo kilimpandikizia mgonjwa mwenye vidonda vya utumbo mpana oganoidi zilizokuzwa kutoka kwenye seli zake mwenyewe. Mwaka huo huo Clevers alihamia kampuni ya Roche kuongoza utafiti wa awali wa dawa. Baadhi yenu mmeniletea maswali ya tiba kwa niaba ya jamaa zenu. Jibu langu halijabadilika: chama hiki si zahanati. Oganoidi ya kawaida haina mishipa ya damu, haina neva wala seli za kinga, na kutoka hapo hadi dawa ya kila siku bado pana safari.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza tubaki na utaratibu huu wa mtafiti mmoja, safari hii turudi nyuma hadi kwa Leblond na jinsi alivyofuatilia seli kwa kutumia vitu vyenye mnururisho kabla ya enzi za jeni. Mwenye pendekezo tofauti alipeleke kwa katibu kabla ya uchaguzi kuanza. Mhazini, karibu.